Kila Ugonjwa ni Gasketi

Mashine ya boti ikichemka hapa Lamu, kinachofurika kwanza si maji, ni madaktari. Hujafunga kamba jetini, mvuke bado unapanda kutoka kwenye sanduku la mashine, na tayari wameshafika: mchukuzi wa mizigo, muuza kahawa, kijana wa bodaboda aliyevuka kutoka Mokowe kwa shughuli zake, na mzee aliyetweka tanga ujana wake wote na ambaye hajaisamehe dizeli tangu ilipoingia pwani. Kila mmoja huinama, hunusa, hutikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeitwa kuthibitisha kifo, kisha hutamka lile lile walilotamka wenzake: "Gasketi."

Hakuna anayeuliza kama maji yanaingia. Hakuna anayeuliza ilianza lini. Ni gasketi ya silinda hedi, basi, na ukitaka kujua kwa nini iwe gasketi na si kitu kingine, utatazamwa kwa huruma. Mimi nimekaa nikalifikiri jambo hili na nadhani siri yake ni bei. Gasketi ya hedi inataka hedi ifunguliwe, inataka fundi wa siku nyingi na msaidizi wake, inataka hedi isafirishwe Mombasa ikasawazishwe, na inataka mwenye boti auze kitu. Ugonjwa wa bei nafuu hauna heshima. Mtu akikuambia chujio lako limeziba, amekuvunjia adabu mbele za watu. Akikuambia hedi imeungua, watu wanakusogezea kiti na muuza kahawa anakumiminia kikombe cha bure.

Boti yenyewe ni mali yangu mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwa mapatano ambayo faida tunagawana nusu kwa nusu na hasara nagawana mimi na mashine. Ni chombo cha mbao, cha abiria, chenye dizeli ya Kijapani tumboni mwake. Watu wa mashine za nje, zile zinazoning'inia shetri, hawajui neema waliyo nayo: ikisumbua wanaifungua, wanaibeba begani, wanakwenda nayo kwa fundi. Yetu imejengewa nyumba katikati ya boti, sanduku la mbao lenye mfuniko, na kwa kuwa hapo ndipo pahali pekee palipo tambarare, sanduku limekuwa meza, ghala na kiti cha heshima. Siku yoyote utakuta juu yake gunia la unga, kuku waliofungwa miguu, na bibi anayekwenda harusini Faza ambaye hataki kuguswa. Kwa hiyo geji ikipanda, hatua ya kwanza ya uchunguzi katika boti yetu si ya kifundi. Ni ya kidiplomasia: kumwondoa bibi.

Kinachoniudhi zaidi ni aibu ya jambo lenyewe. Gari likichemka katikati ya nyika ya Taru lina udhuru. Boti haina. Imekaa juu ya Bahari ya Hindi. Maji yako chini, kushoto, kulia, na kusi ikivuma maji yako mapajani mwa abiria. Tena bahari yenyewe hapa kwetu huwa baina ya digrii 25 na 30 hivi, na mashine haiombi makubwa, inataka kukaa kwenye digrii 80 na kitu. Nafasi ya kupoa ipo tele. Katika dizeli unayonunua, kwa makadirio, theluthi moja tu ndiyo inayosukuma boti. Theluthi nyingine inatoka na moshi, na ya tatu inabaki ndani ya chuma ikitafuta pa kwenda. Yaani katika kila lita tatu ninazolipia, moja inakwenda Pate na mbili zinakwenda kuipasha moto bahari ambayo haikuomba. Ile theluthi iliyobaki chumani inatakiwa ichukuliwe na maji. Maji yasipoichukua, nayo inaanza kuchukua vitu vyako: rangi, mipira, gasketi (naam, mwishowe hata gasketi), halafu hedi.

Na njia ya maji si siri ya serikali. Chini ya boti pana tundu lenye koki. Maji ya chumvi yanaingia hapo, yanapita kwenye chujio, yanavutwa na pampu yenye impela ya mpira, na yanasukumwa kwenye mtungi ambao mafundi wetu huuita rejeta, wenye mirija myembamba ndani yake. Humo maji ya chumvi yanapita ndani ya mirija, na maji matamu ya mashine yanapita nje ya mirija. Yanapokezana joto bila kuchanganyika. Kisha maji ya chumvi yanaingia kwenye kiwiko cha ekzosi, yanakutana na moshi, yanatemwa nje pamoja nao: pwa, pwa, pwa. Maji matamu nayo yana mzunguko wao, wenye pampu inayozungushwa na belti, themostati na kifuniko. Hayo tu. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuyachora. Lakini watu wazima jetini hawataki kuifuata njia. Wanataka kutaja jina la ugonjwa waende zao.

Mara hii ilituchemkia ndani ya Mkanda, ule mfereji baina ya Manda na bara ambao maji yakipwa hautofautishi boti na mkoko: vyote vinasimama matopeni. Nahodha wetu, mtu wa maneno machache na akiba kubwa ya dharau, alipunguza kasi, akatoa kichwa nje kuitazama ekzosi. Haikuwa inatema. Ilikuwa inapuliza mvuke mweupe kwa sauti kavu. Akazima mashine hapo hapo.

"Maji hayatoki," akasema.

Hiyo, msomaji wangu, ndiyo kauli pekee ya kitabibu yenye maana iliyotolewa siku ile, na haikusikika, kwa sababu abiria walikuwa wamekwisha kufungua mkutano.

Wa kwanza alikuwa kijana mwenye ndoo. Alitaka kuchota bahari aimwagie mashine ipate kupoa. Chuma kilichopita digrii mia moja ukikimwagia maji ya digrii 28 ghafla, kinaweza kupasuka, na hapo utaipata ile kazi ya hedi bila hata kuiomba. Wa pili alikuwa ameshika kitambaa na amekwisha kukikaribia kifuniko cha maji matamu. Huyo nahodha alimdaka kifundo cha mkono. Kifuniko kile hakikuwekwa kuzuia vumbi. Kinashikilia mkandamizo wa karibu bari moja, na mkandamizo huo ndio unaoyazuia maji yasichemke mpaka yakaribie digrii 120. Ukikifungua, mkandamizo unatoweka, na maji yote yanakumbuka kwa pamoja kwamba yalipaswa kuchemka kitambo. Yanakuja usoni.

Wa tatu alikuwa bibi aliyekuwa akienda harusini, ambaye sasa alikalia gunia la unga na hasira zake.

"Chombo hiki kimepigwa jicho," akasema.

Nikamwambia, bibi, hata jicho lina pa kuingilia. Tuanze kwenye chujio. Hakunisemesha tena, isipokuwa kudai nauli yake.

Rudolf Diesel, yule Mjerumani aliyetuletea mashine hizi, alitoweka usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 akiwa ndani ya meli iitwayo Dresden, akivuka kutoka Antwerp kwenda Harwich. Alikula chakula cha usiku, akaenda kulala, asubuhi hakuonekana. Mpaka leo watu wanabishana: wapo wasemao alijitosa, wapo wasemao alitoswa. Mimi, baada ya kukaa Mkanda pamoja na abiria wangu, nina dhana ya tatu: kuna msafiri alimfuata sitahani akaanza kumweleza kasoro ya mashine.

Tulijisukuma kwa upondo mpaka penye kina, kisha boti ya jirani ikatuvuta hadi mjini. Nahodha wake hakututoza senti. Alijilipa kwa kuisimulia habari yetu mji mzima kabla ya Alasiri.

Fundi wa kwanza kuitwa alikuwa yule yule aliyetutengenezea pampu msimu wa kaskazi uliopita. Alikuja na spana moja na hukumu kamili.

"Gasketi," akasema, kabla hajaingiza mguu wa pili ndani ya boti.

"Umejuaje?"

"Mashine inaongea, ami. Ukishazoea unaisikia."

Mashine ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

Sasa, gasketi ya hedi ikiungua si kwamba haina adabu ya kutoa taarifa. Moshi wa silinda hupenya kwenye maji, ukawasha mashine ikiwa baridi na kifuniko kikiwa wazi utaona mapovu yakipanda bila kukoma. Maji matamu hupungua kila siku na hujui yaendako. Wakati mwingine oili na maji huchanganyika, ukachomoa kijiti cha kupimia oili kikatoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Tulitazama vyote. Mapovu hakuna. Maji yamejaa pale pale. Oili nyeusi, safi kwa weusi wake. Nikamwonyesha.

"Hii imeungua kwa ndani kabisa," akasema kwa sauti ya chini. "Ni gasketi ya siri."

Nimeishi miaka mingi pwani na nimesikia habari za majini ya kila kabila, lakini gasketi ya siri ilikuwa ngeni kwangu. Ugonjwa usio na dalili hauna rufaa. Unalipa tu. Nikamwambia nitamwita.

Fundi wa pili hakuiamini gasketi, na kwa muda mfupi nilimpenda. Kisha akafungua nyumba ya themostati, akaichomoa, akaitupa juu ya benchi. "Hii ndiyo shida yenu," akasema. "Hiki ni kitu cha Ulaya. Kwao kuna baridi, inabidi mashine ipashwe moto. Sisi joto tunalo la kutosha."

Hukumu hii imeenea pwani nzima na bara pia, kwenye malori, matatu na maboti, na wala haina dalili ya kupoa. Themostati haikai pale kuleta joto la Ulaya. Inaamua maji yapite wapi. Mashine ikiwa baridi inayazungusha ndani kwa njia ya mkato. Ikipata moto inafunguka na kuyapeleka kwenye rejeta, na katika mashine nyingi inaifunga na ile njia ya mkato. Ukiing'oa, mkato unabaki wazi daima, na maji ni mavivu, yanapenda mkato. Umeondoa kifaa ili mashine ipoe, kumbe sasa sehemu ya maji haifiki kabisa panapopozwa. Na pale ambapo mashine inapoa kweli, inapoa kupita kiasi: dizeli haiungui sawasawa, masizi yanajaa, oili inachafuka mapema. Lakini jaribu kuyasema haya jetini. Utaulizwa kama umewahi kufika Ulaya.

Niliiokota themostati nikaenda nayo nyumbani, kwa sababu kuipima hakuhitaji fundi. Inahitaji sufuria, uzi, kipimajoto na nyumba isiyo na mke. Cha mwisho sikukipata. Alirudi akakuta sufuria yake ya maziwa ikichemka na kipande cha chuma kinaning'inia ndani yake, na mimi nimekiinamia na kipimajoto nilichoazima kwa mwalimu wa kemia.

"Baba watoto, unapika nini?"

"Napima themostati."

"Na maziwa tutachemshia kwenye mashine?"

Ilianza kufunguka kwenye digrii 71, kama ilivyopigwa chapa, na ikafika 85 ikiwa wazi kabisa. Themostati ilikuwa nzima kuliko mwenyewe. Niliirudisha mahali pake, na sufuria nikaambiwa niirudishe dukani ilikonunuliwa, mpya.

Shemeji yangu alikuwa na nadharia isiyogharimu kitu, ambayo ndiyo sifa ya nadharia zake zote: geji ni mwongo. Nakiri kwamba geji nyingi ni waongo. Lakini hata mwongo anahojiwa. Waya wa geji unaishia kwenye sensa iliyochomekwa kwenye mashine. Uchomoe, na kwa geji za kawaida mshale unatakiwa ushuke mpaka baridi kabisa. Kisha ugusishe huo waya kwenye chuma cha mashine, na mshale unatakiwa uruke mpaka mwisho wa joto. Mshale ukifanya hivyo vyote viwili, geji na waya ni wazima na mshukiwa anayebaki ni sensa. Geji yetu ilishuka na kuruka kwa utii. Ya sensa tulimalizana nayo kwa ile bastola ya kupimia joto kwa mbali, ambayo siku hizi si ghali. Tahadhari lakini: bastola tulizopigwa nazo kwenye paji la uso mwaka 2020 hazifai kwa kazi hii. Zilitengenezwa kwa homa ya binadamu. Ukiielekeza kwenye hedi, itakushauri uitenge mashine siku 14.

Hatimaye nahodha, aliyekuwa ametazama yote haya akiwa amekaa kwenye ngazi na miguu majini, alimleta mzee mmoja wa Matondoni, kwa wajenzi wa majahazi. Mzee huyu hakuja na spana. Alikuja na kikoi, miwani iliyofungwa kwa uzi, na maswali.

"Mwanangu, ilianza lini?"

Shemeji akajibu, Mkanda. Mzee hakumtazama. Alimtazama nahodha.

"Tangu kaskazi, mzee," nahodha akasema. "Nikiipa kasi yote, mshale unapita kidogo pale unapokaa siku zote. Nikipunguza, unarudi. Nikaenda hivyo hivyo. Mkanda ndipo ulipopanda mara moja."

"Ulimwambia tajiri wako?"

"Hawakuniuliza."

Mzee akavua kikoi cha begani, akakikunja. "Basi ni wawili," akasema. "Mmoja mkaazi, mmoja mgeni."

Ningependa maneno hayo yachongwe kwenye mlango wa kila karakana ya pwani. Joto linalopanda ghafla ni la kitu kilichotokea sasa hivi: mfuko uliofunika tundu, belti iliyokatika, impela iliyovunjika. Joto linalopanda msimu mzima ni la kitu kinachojijenga: chokaa, kutu, masizi kwenye kiwiko cha ekzosi. Mashine inayochemka kwa kasi tu, maji yake yapo ila hayatoshi, au imebebeshwa kazi kuliko ilivyoumbiwa. Maswali manne ya namna hiyo, na nusu ya orodha ya washukiwa inakwenda nyumbani. Nayo ni bure. Labda ndiyo sababu hayaulizwi.

Kisha akaanza pale maji yanapoanza. Baharia alipiga mbizi chini ya boti. Koki ilifunguliwa, na ndani yake, umenyonywa na kukunjika vizuri, tukavuta mfuko mweusi wa plastiki na tope la Mkanda lililoupamba. Mgeni ndiye huyo. Mifuko hiyo Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa sheria yenye faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Nikatazama kushoto na kulia, nikaukalia. Fikiri: huu ndio mji uliojenga Flipflopi, jahazi zima la plastiki iliyookotwa, likashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar kuwahubiria watu habari za takataka. Plastiki nyingine inajengwa jahazi. Ya kwetu inaingia kwenye koki.

"Kwisha!" shemeji akapiga makofi. "Washa!"

"Umempata mgeni," mzee akasema. "Mkaazi yuko wapi?"

Tukawasha, maji yakatoka, lakini kwa unyonge. Mzee akaelekeza kidole kwenye mfuniko wa chujio unaoonyesha ndani: vipovu vilikuwa vinakimbia ndani. Mpira wa mfuniko umekauka, pampu inanyonya hewa, na pampu inayokunywa hewa haina nguvu ya kuvuta maji. Akakata mpira mwingine kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Kisha akafungua mfuniko wa pampu, akachomoa impela. Mabawa 6 ilizaliwa nayo. Mabawa 4 ndiyo iliyobaki. Impela hulainishwa na maji yale yale inayoyasukuma, na ikizunguka kavu haichukui muda kuungua. Mfuko wa Mkanda ulikuwa umeimaliza.

Hapa fundi wa kawaida hutia impela mpya, hufunga, hunawa mikono, hudai pesa. Mzee akaishika ile iliyovunjika mbele ya macho yetu.

"Mabawa mawili yamekwenda wapi?"

Kimya.

"Mpira hauyeyuki. Hautoki kwa ekzosi ukapunga mkono. Maji yameubeba, na maji yanapita kwa mirija myembamba. Basi?"

Basi akafungua mfuniko wa rejeta upande wa maji ya chumvi, akaanza kuchokoa kwa kijiti na kupanga alichopata juu ya ubao. Bawa la kwanza. Bawa la pili. Hesabu ikatimia, nikadhani tumemaliza. Lakini kijiti kikaendelea, na kikatoa bawa la tatu. Kisha la nne, na kipande cha la tano. Haya hayakuwa ya impela yetu. Yalikuwa magumu, yamepauka, yamekaa humo siku nyingi. Nyuma yake zilikuwa chembe za zinki iliyomeguka, ile inayowekwa humo makusudi ili iliwe na kutu badala ya shaba na ambayo inatakiwa kubadilishwa kabla haijawa changarawe. Kisha chokaa, kwa sababu maji ya bahari yakipashwa moto sana huacha ukutani sehemu ya vitu yaliyovibeba. Karibu nusu ya mirija haikuwa inapitisha kitu.

Mkaazi ndiye huyo. Wakati wa kaskazi impela ya zamani ilikatika, mtu akatia mpya, akafunga, akanawa mikono, na hakuuliza mabawa ya zamani yamekwenda wapi. Na mtu huyo ndiye aliyeisikia mashine iliyozimwa ikiongea.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya jikoni. Mirija ilisuguliwa polepole kwa kijiti cha mbao, ikalowekwa kwenye siki mpaka chokaa ikaacha kutoa povu. Kuna asidi kali zaidi zinazouzwa, na kuna watu wanaozitumia, na kuna rejeta zilizotobolewa. Sisi tulikwenda kwa siki, na nyumba yetu ilikaa bila achari kwa muda ambao sitaki kuukumbushwa. Kiwiko cha ekzosi kilifunguliwa, kikakwanguliwa masizi. Impela mpya, zinki mpya, karatasi mpya ya mfuniko wa pampu. Tukaitoa boti na mzigo, tukaipa kasi yote, bastola ikapigwa kwenye hedi: digrii 82, na haikusogea. Ekzosi ikawa inatema kwa fahari.

Ungedhani watu wangefurahi. Shemeji aliitazama hesabu ya gharama akaigeuza upande wa pili kutafuta iliyobaki. "Hii tu?" akauliza kwa mashaka. Alikwisha kuwaambia wenzake msikitini kwamba mashine imekufa, na sasa ilibidi arudi kuwaeleza kuhusu siki. Jetini habari hazikuaminika kabisa. Walisema nimefanyiwa kazi ya kubandika, nitaona, Ramadhani haifiki.

Lakini aliyenimaliza ni yule fundi wa kwanza. Alikuja kutembea, mikono nyuma, akatuona tunakusanya vifaa. Akatazama kwenye ubao: impela iliyovunjika, zinki, mabawa ya zamani ambayo aliyaruka kwa jicho la haraka. Kisha macho yake yakatua kwenye karatasi kuukuu ya mfuniko wa pampu, ile nyembamba isiyozidi upana wa kiganja, tuliyoibadilisha. Akaiokota, akaiinua juu ili jeti nzima ione.

"Na hii ni nini?" akauliza.

Hakuna aliyejibu. Kwa ufundi na kwa Kiswahili, kitu kile ni gasketi.

"Si nilisema?" akasema, na watu wakamwitikia, na yupo aliyempa mkono. Juma hilo hilo alipata kazi kwenye boti nyingine iliyochemka, na nasikia hedi yake iko Mombasa.

Na mimi sijapumzika. Shemeji ameona kwamba mashine sasa inakaa digrii 82 hata tukipakia saruji, na amefikia uamuzi kwamba ina nguvu iliyolala bure. Anataka tufunge rafadha kubwa zaidi, kama ya boti fulani inayotupita tukienda Kizingitini. Nimemweleza kwamba mashine ina mizunguko yake iliyoandikiwa, na rafadha kubwa kupita kiasi itaizuia isiifikie. Itakula dizeli zaidi, itatoa moshi mweusi, na itachemka tena, safari hii maji yakiwa yanatoka vizuri kabisa. Nimemwambia akitaka mwendo, chini ya boti kumeota magamba ya kutosha kujenga nyumba, tuipandishe pwani, maji ya bamvua yakipwa tukwangue mkuku, ni bure. Hapo ndipo nilipomkosa. Amesema yeye ana haki ya kuamua juu ya nusu yake. Nimemjibu kwamba nusu yangu haitaki rafadha kubwa. Sasa tunamtafuta mtu wa kutuamulia shafti iko nusu ya nani.